Aliyegonga na aliyesababisha: kosa ni la nani ugomvi wa madereva unapofikia bampa?

Magari mawili yanafuatana kwenye barabara kuu, kilomita 100 kwa saa. Jeupe liko mbele. La bluu limelisogelea hadi zimebaki kama mita 10 na linamulika taa kali bila kupumzika. Dereva wa jeupe anatupa jicho kwenye kioo, anasonya, kisha anakanyaga breki kwa nguvu. Mbele yake hakuna ng'ombe, hakuna shimo, hakuna mtu anayevuka. Anataka tu kumtia adabu wa nyuma. Kishindo. Wanashuka wote wawili na kurushiana maneno yaleyale: "Wewe ndiye umesababisha!"

Kila mmoja anaamini anachosema, na kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi. Ndiyo maana mabishano ya namna hii hayaishi pale kando ya barabara. Swali la "kosa ni la nani" linaonekana moja, kumbe yamebanana humo maswali matatu tofauti, na kila moja lina mtu wake wa kulijibu.

La kwanza ni kama kuna sheria ya barabarani iliyovunjwa. Hilo ni la askari na mahakama ya jinai, na malipo yake ni faini, leseni au kifungo. La pili ni nani amlipe nani kwa uharibifu na majeraha. Hiyo ni kesi ya madai, na kipimo chake ni chepesi zaidi: jaji haulizi kama jambo limethibitishwa pasipo shaka, anauliza lipi lina uwezekano mkubwa kuliko jingine. La tatu ni la kampuni ya bima, nalo linaanzia kwenye karatasi uliyotia sahihi, kabla hata ya kufika kwenye sheria.

Majibu ya maswali haya yanaweza kupishana kabisa. Mfikirie mlevi aliyesimama kwenye taa nyekundu, ndani ya mstari wake, breki ameshika. Anagongwa kwa nyuma na mtu aliyekuwa anasoma ujumbe kwenye simu. Mlevi ana kesi ya kuendesha akiwa amelewa, hilo halina mjadala. Lakini ajali hakuisababisha, maana hata angekuwa hajaonja tone angegongwa vilevile. Watu wengi hukwama hapo. Wakishajua kwamba mtu fulani ana kosa, wanamtwisha na mengine yote yaliyotokea siku hiyo.

Dereva mwenye hasira hana habari na maswali hayo matatu. Yeye ana la nne: nani alianza? Na hilo ndilo ambalo sheria hulijali kidogo kuliko yote. Aliyekuchomekea kilomita mbili nyuma alikosea, sawa. Ila wewe ulipoamua kumfukuza ili umrudishie, ulianza kosa jipya lenye jina lako.

Sekunde mbili za gari jeupe na la bluu

Tuwarudie wale wawili polepole, maana mambo yote yamo ndani ya muda mfupi sana. Kwa kilomita 100 kwa saa gari linakula karibu mita 28 kila sekunde. Dereva aliye macho, asiye na simu mkononi, huhitaji kama sekunde moja, mara nyingi moja na nusu, tangu aone taa za breki hadi mguu wake uanze kukandamiza pedali. Tumpe wa bluu bahati: tuseme ametumia sekunde moja tu, na breki zake ni nzima kama za mwenzake. Kwa breki ya nguvu kwenye lami kavu, sekunde hiyo moja inatosha kwa jeupe kupoteza kilomita 25 kwa saa za mwendo wake. La bluu linapoanza kupunguza, tayari linakwenda kasi zaidi kwa kilomita hizo 25, na ile nafasi ya mita 10 imebaki mita sita na nusu hivi. Kabla sekunde mbili hazijatimia bampa zimekutana. Hakuna ustadi wa usukani unaoweza kuiokoa hali hiyo. Ajali ilikwisha kuandikwa pale alipochagua kukaa mita 10.

Ndiyo sababu nchi nyingi hufundisha madereva kuacha nafasi ya sekunde mbili, ambayo kwa mwendo huo ni mita 55 na ushei. Na ndiyo sababu anayegonga kwa nyuma huanza na mzigo kichwani: anadhaniwa ana kosa mpaka aonyeshe vinginevyo. Dhana hiyo haikutoka hewani. Aliye nyuma ndiye anayeona, na ndiye anayechagua umbali.

Lakini dhana si hukumu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao sheria za nchi nyingi zinafanana nao, unasema mambo mawili ambayo madereva wetu hawa wangependa kila mmoja anukuu lake. Kwenye kifungu cha 13, anayefuata gari jingine aache umbali wa kutosha asiligonge hata likipunguza mwendo au kusimama ghafla. Kwenye kifungu cha 17, dereva asipige breki ya ghafla isipokuwa usalama unalazimu. Kwa hiyo wa bluu amevunja la kwanza, wa jeupe amevunja la pili. Kumtia mtu adabu si sababu ya usalama.

Je, nani abebe zaidi? Asilimia za kudumu hakuna. Atakayeamua ataangalia kama breki ilipigwa makusudi na kama inathibitika, umbali ulikuwaje na kwa muda gani, na kama kulikuwa na njia ya kuepa. Wa jeupe akikiri kwamba alitaka kumwonyesha mwenzake, ameharibu kesi yake kwa mdomo wake. Na kama ilikuwa makusudi, atakutana na jambo ambalo wengi hawalisomi kwenye mkataba wa bima: bima ya gari imeandikwa kwa ajili ya ajali, na uharibifu wa kukusudia kwa kawaida uko nje. Mara nyingi mtu wa tatu aliyeumia atalipwa, kisha kampuni itamgeukia mteja wake na kumdai ilichotoa.

Tubadilishe kitu kimoja. Tuseme wa jeupe alikuwa ameingia mbele ya la bluu sekunde chache tu kabla, akamkata na papo hapo akapunguza. Hapo ule umbali wa mita 10 si chaguo la wa bluu tena, amepewa kwa nguvu. Kosa linahama upande. Tatizo ni kwamba kwenye picha ya baada ya ajali matukio haya mawili yanafanana: gari limegonga jingine kwa nyuma.

Mafundi wa uchunguzi wa ajali hapo ndipo wanapoinama na kuangalia. Gari lililokwisha kaa sawa ndani ya njia yake hubondeka upana wote wa nyuma. Lililokuwa bado linaingia hupigwa pembeni, kwenye kona ya bampa, na mkwaruzo huelekea kiubavu. Kwenye taa za zamani zenye balbu za uzi, hata uzi wenyewe husema. Uzi uliokuwa unawaka ni laini kwa joto, kwa hiyo mshindo huuvuta ukarefuka na kupinda. Uliokuwa baridi hukatika au hubaki ulivyo. Kwa hiyo mtu aliyeapa kwamba aliwasha indiketa anaweza kuumbuliwa na balbu yake mwenyewe. Taa za kisasa za LED hazitoi ushahidi huo, ila magari ya kisasa yana kifaa kinachohifadhi takwimu za sekunde chache kabla ya mgongano: mwendo, breki, mguu ulivyokuwa kwenye mafuta. Katika Umoja wa Ulaya kifaa hicho ni lazima kwa magari yote madogo mapya yanayosajiliwa tangu Julai 2024, nacho huhifadhi sekunde tano za mwisho. Kamera ya kwenye dashibodi huona zaidi ya hapo, na wengi huinunua wakiamini itawatetea. Ila kamera haina upande. Itaonyesha ulivyochomekewa, na itaonyesha pia dakika tatu ulizotumia kumfukuza aliyekuchomekea.

Kwa nini tunaona kosa la mwenzetu tu

Mwaka 1981 mtafiti Ola Svenson aliwauliza madereva wa Sweden na Marekani wajilinganishe na wenzao. Asilimia 93 ya Wamarekani walijiweka kwenye nusu ya juu kwa ustadi wa kuendesha, na asilimia 69 ya Waswidi vivyo hivyo. Hesabu haikubali, maana nusu ya juu haiingizi zaidi ya nusu ya watu. Lakini ukishamwamini dereva huyo, basi kila kinachokwenda vibaya barabarani lazima kiwe kimeletwa na mwingine.

Hilo linaungana na tabia nyingine ambayo wanasaikolojia wameichunguza sana: makosa yetu tunayaeleza kwa hali, ya wenzetu tunayaeleza kwa tabia. Nikichomekea mimi, nilikuwa nimechelewa, au sikukuona, au njia iliisha ghafla. Ukichomekea wewe, huna adabu. Na kwa kuwa sikujui, sikuoni uso, naona mgongo wa gari na namba zake, hakuna kinachonipinga. Kwenye foleni ya miguu mtu akikukanyaga atageuka aseme samahani na mambo yaishe. Gari halina samahani. Lina honi, na honi ina sauti moja tu kwa "angalia", kwa "asante", kwa "taa imeshawaka" na kwa tusi zito. Anayeisikia huchagua tafsiri, na mtu aliyekwisha kasirika hachagui ile ya heshima.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote katika eneo hili ni la Anthony Doob na Alan Gross, lililochapishwa mwaka 1968 huko Marekani. Waliweka gari mbele kwenye taa, taa ikawaka kijani, dereva wao akakaa tu bila kusogea. Mara gari lilikuwa jipya la kifahari, mara lilikuwa kuukuu. Ndani ya sekunde 12, asilimia 84 ya waliokuwa nyuma ya gari kuukuu walipiga honi. Nyuma ya lile la kifahari ni asilimia 50. Tena wawili waliokuwa nyuma ya gari kuukuu hawakuhangaika na honi, waliligonga bampa. Watafiti walipowauliza wanafunzi kwa maandishi wangefanyaje, wanaume walisema wangempigia honi mapema zaidi mwenye gari la kifahari! Kwa hiyo hasira ya barabarani, inayojidai ni upofu, ina macho ya kutosha kupima nani wa kumpigia kelele. Mtu anayesema "sikuweza kujizuia" alijizuia vizuri tu wiki iliyopita, mbele yake likiwa gari la polisi.

(Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2008, ulikuta kwamba wenye magari yaliyobandikwa stika na mapambo mengi walikiri zaidi tabia za ukorofi barabarani, na haikujalisha stika zinasema nini. Hata za kuhubiri amani zilihesabika.)

Kuna imani kwamba kufoka ndani ya gari kunasaidia, unapumua na kupoa. Brad Bushman aliipima imani hiyo mwaka 2002: watu waliochokozwa walipewa mfuko wa mazoezi ya ngumi waupige huku wakimfikiria aliyewachokoza. Walitoka na hasira zaidi kuliko walioketi bila kufanya kitu. Kwenye usukani mambo ni mabaya zaidi kwa sababu mfuko wa ngumi haukimbii kilomita 100 kwa saa. Mwili uliojaa adrenalini unatazama kitu kimoja, yule adui, na vioo vya pembeni vinasahaulika.

Na faida ya ukorofi wenyewe ni ndogo mno. Safari ya kilomita 20 kwa mwendo wa 100 ni dakika 12. Kwa 120, ukipata njia nyeupe kabisa, ni dakika 10. Umeokoa mbili. Upande wa pili wa hesabu unatisha. Chukua magari mawili yanayokwenda sambamba, moja 60, jingine 80. Mtoto anatokea mbele, madereva wote wanashtuka kwa wakati mmoja na kukanyaga breki zenye nguvu sawa. Pale ambapo gari la 60 linasimama kabisa, la 80 linapita bado likiwa na kilomita 60 na zaidi kwa saa. Kilomita 20 ulizoziongeza kwenye mwendo zimegeuka 60 za kugonga nazo.

Mlingoti wa Derby

Namna mahakama zilivyojifunza kugawa kosa ni hadithi ndefu, na inaanza na mtu aliyekuwa anakimbiza farasi. Huko Derby, Uingereza, bwana mmoja aliyeitwa Forrester alikuwa anakarabati nyumba yake, akaweka mlingoti uliozuia sehemu ya barabara. Jioni, mwanga ukiwa bado unatosha kuonea, Butterfield akatoka kwenye baa, akapanda farasi na kumkimbiza kwa fujo. Akauvaa mlingoti, akaanguka na kuumia vibaya. Mwaka 1809 mahakama ilimnyima fidia yote. Forrester alikosea kuziba njia, lakini Butterfield angekuwa makini angeuona. Ukawa ndio mtindo: mwenye chembe ya kosa hapati kitu.

Mtindo huo ulikuwa mkali kupita kiasi, na mahakama zenyewe zilitafuta mlango wa kutokea. Mwaka 1842 ikaja kesi ya punda. Mwenyewe alikuwa amemfunga miguu ya mbele na kumwacha ale majani kando ya barabara, kosa la wazi. Gari la farasi likaja mbio, likampitia. Mwenye punda alishinda, kwa hoja kwamba mwenye gari angeweza kumwona na kumkwepa. Hoja hiyo, ya nani alikuwa na nafasi ya mwisho ya kuzuia, bado inaishi vichwani mwa madereva na wakaguzi wa bima, hata pale sheria ilipokwisha kusonga mbele. Inawafaa sana waliochokozwa, lakini inawakata pia: kama ulimwona anakuja vibaya na ulikuwa na muda wa kumpisha, kisha ukakaza ili asipite, basi nafasi ya mwisho ilikuwa yako.

Uingereza iliachana na yote-au-hakuna kwa sheria ya mwaka 1945. Tangu hapo fidia hupunguzwa kwa kadiri ya mchango wa aliyeumia. Ukikutwa na theluthi ya kosa, unapoteza theluthi ya fidia. Nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza zilifuata njia hiyo. Marekani iligawanyika, na bado imegawanyika. California na New York hukulipa sehemu yako hata kama kosa lako ni asilimia 90. Majimbo mengi hukufungia mlango ukifika nusu au ukivuka nusu. Na Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia wamebaki na Butterfield: asilimia moja tu ya uzembe wako inaweza kukunyima kila kitu. Ajali ileile, mita chache upande wa pili wa mpaka wa jimbo, inaweza kugeuza malipo mazima kuwa sifuri. Ukiniuliza mimi, hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba "kosa" si kitu kinachookotwa kwenye lami pamoja na vioo vilivyovunjika. Ni uamuzi wa watu kuhusu nani abebe hasara.

Katika kugawa huko kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii. Mwaka 1975 mahakama ya rufaa ya Uingereza, chini ya jaji Lord Denning, ilimkuta dereva ambaye hakuwa na kosa lolote katika mgongano wenyewe, ila hakufunga mkanda. Wakasema sababu ya ajali ni moja na sababu ya majeraha ni nyingine. Wakaweka kipimo: kama mkanda ungezuia jeraha kabisa, fidia ipungue asilimia 25, kama ungelipunguza kwa kiasi kikubwa, asilimia 15. Kwa hiyo unaweza kuwa na haki asilimia mia moja barabarani na bado ukaondoka na pungufu.

Na "nilikuwa mgeni wa kuendesha" haisaidii. Mwaka 1971 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba hata mwanafunzi wa udereva anapimwa kwa kiwango cha dereva mzoefu na makini, kwa kuwa anayegongwa hana namna ya kujua nani yuko darasani. Kwa mantiki hiyohiyo, hasira si udhuru. Hakimu anaweza kuutazama uchokozi anapopanga adhabu, lakini haufuti kosa.

Asiyegusa naye yumo

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Kwenye barabara nyasi ni familia iliyokuwa njia ya tatu, au mwendesha baiskeli aliyekuwa bega la barabara. Wale mafahali wana utetezi wanaoupenda: "gari langu halikumgusa."

Katika jimbo la Delaware, Marekani, mwaka 1968, mahakama kuu ya huko ilikutana na vijana wawili waliokuwa wakishindana mbio. Mmoja aligonga gari la watu wengine. Wa pili alifanikiwa kusimama ndani ya njia yake, mita kama 10 kutoka pale, bila kugusa kitu. Akahesabiwa na kosa sawa na mwenzake, kwa sababu mbio zenyewe ndizo zilizoleta ajali, na mbio hazikimbiwi na mtu mmoja. Kisheria hakuna tofauti kubwa kati ya mashindano ya kupangwa na yale ya kimyakimya ya "hanipiti huyu", ambapo mmoja anataka kuovateki na mwingine anaongeza mafuta kumzuia. Mkataba ule wa Vienna unakataza waziwazi anayepitwa kuongeza mwendo.

Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Februari 2016 wanaume wawili walishindana usiku katikati ya Berlin, kwenye barabara ya Kurfürstendamm, wakavuka taa nyekundu kadhaa. Mmoja aliligonga kwa takriban kilomita 160 kwa saa gari la mzee wa miaka 69 aliyekuwa amewashiwa kijani. Mzee alifariki. Kesi ilipanda na kushuka miaka kadhaa. Aliyegonga hatimaye alithibitishiwa hatia ya mauaji ya kukusudia mwaka 2020. Mwenzake, ambaye gari lake halikumgusa mzee, alihukumiwa miaka 13 kwa kujaribu kuua mwaka 2021. Katikati ya safari hiyo, Oktoba 2017, bunge lilifanya mbio haramu za magari kuwa kosa la jinai, na ikaongezwa hata ya dereva mmoja anayekimbia peke yake ili tu afikie kasi ya juu kabisa.

Mengine nitayapitia haraka, maana yanaleta ugomvi mwingi kuliko ugumu wake. Taa ya kijani haikupi ruhusa ya kumgonga aliyebaki katikati ya makutano. Inakupa zamu, na zamu inatumika kwa macho wazi. Mtu akikumulika taa akimaanisha "pita", hajakupa haki yoyote juu ya gari la tatu linalokuja ubavuni mwake. Kanuni za barabara za Uingereza zinasema kumulika taa ni kwa ajili ya kumjulisha mtu kwamba upo, basi. Anayekata kuvuka njia ya wanaokuja mbele yake ana mzigo wa kuwapisha, ila mzigo huo hupungua kama aliyekuja alikuwa anapaa. Na kwenye ajali ya magari yaliyofuatana kama shanga, usikubali haraka kwamba wa mwisho ndiye amelipua yote. Kinachotafutwa ni kama wa kati alikuwa ameshagonga kabla ya kusukumwa, na abiria wake hulijua hilo vizuri: walisikia kishindo kimoja au viwili?

Wasio na bati la kuwakinga

Yote niliyoeleza yanachukulia kwamba waliogongana wana chuma sawa. Ukimweka mtembea kwa miguu upande mmoja na gari upande wa pili, baadhi ya nchi ziliona ugawaji wa asilimia ni mzaha. Ufaransa ilipitisha sheria Julai 1985 ambayo kwayo mtembea kwa miguu au mwendesha baiskeli aliyegongwa na gari hulipwa majeraha yake hata kama alizembea. Anapoteza tu pale uzembe wake unapokuwa wa kupindukia, usio na udhuru, na ukawa ndio chanzo pekee cha ajali. Watoto walio chini ya miaka 16 na wazee waliozidi 70 hawapotezi hata hapo, labda wawe wamelitaka dhara wenyewe. Dereva Mfaransa anaweza kulalamika kwamba mtoto aliruka barabarani. Bima yake italipa tu. Naiona ni haki. Mwenye kuleta tani moja na nusu ya chuma katikati ya watu ndiye aliyeileta hatari, na ndiye mwenye bima.

New Zealand iliondoa kabisa swali la kosa kwenye majeraha. Tangu 1974 kila anayeumia kwa ajali, awe dereva, abiria au aliyekuwa anavuka, hutibiwa na kulipwa sehemu ya mshahara wake kutoka mfuko wa umma unaochangiwa, pamoja na mengine, na leseni za magari na mafuta. Kwa upande wa pili wa shilingi, hana haki ya kumshtaki aliyemuumiza ili alipwe fidia ya jeraha hilo. Polisi wanaendelea na kazi yao kama kawaida, na aliyeendesha kwa hatari hufikishwa mahakamani. Magari yaliyobondeka tu ndiyo ambayo wenyewe na bima zao bado wanagombania nani aliyagonga.